Sala Ndani ya Mchezo

Mwaka 2010 kampuni ya Kijapani ya Square Enix ilitoa mchezo wa video uitwao Nier. Ni mchezo wa ile aina ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri naye katika nchi ya kubuni yenye mazimwi, magofu na kitabu kinachosema, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo mhusika anavyoongezeka nguvu na maarifa. Vijana waipendao michezo hii hawatosheki na kucheza tu. Hutaka kujua pia mambo ya jikoni: nani alitunga, nini kilikatwa, na kwa nini jambo fulani likawa hivi na si vile. Kwa Nier hawakosi la kusimulia. Huko Japani ulitolewa kwa namna mbili. Katika moja shujaa ni kaka amtafutiaye dawa dada yake mgonjwa, katika nyingine ni baba amtafutiaye binti yake. Nchi za nje zilipelekewa ile ya baba peke yake, kwa dhana kwamba wateja wa huko wangempenda zaidi shujaa mtu mzima. Kaka akapanda meli Japani, akashuka ng'ambo akiwa baba! Ilibidi ufike mwaka 2021, mchezo ulipotengenezwa upya, ndipo wageni wakauziwa hadithi ya kaka.

Lakini jambo la jikoni lililonifanya nishike kalamu ni jingine, nalo ni la nyimbo. Muziki wa mchezo huo uliongozwa na mtunzi Keiichi Okabe, na mwimbaji wake mkuu alikuwa Emi Evans, mwanamke wa Kiingereza akaaye Japani. Mama huyu alipewa kazi ya ajabu. Aliambiwa atunge maneno ya nyimbo katika lugha zisizokuwapo. Basi akazichukua lugha za watu, mara Kifaransa, mara Kireno, mara Kigaeli, akajaribu kuwaza zingesikikaje baada ya maelfu ya miaka, zikiwa zimelika na kuchakaa kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi. Matokeo yake ni nyimbo ambazo hakuna mtu duniani azielewaye kwa maana ya kawaida ya kuelewa. Na watu huzisikiliza wakalia machozi.

Hapo ndipo lilipo swali langu, ndugu msomaji. Neno lisiloeleweka lina kazi gani? Kama wimbo usio na maana waweza kumliza mtu sawasawa na wimbo wenye maana, je, maana ni kitu gani, na ina thamani gani? Mtu aweza kusema hili ni swali la wasio na kazi. Lingekuwa hivyo kama upo mchezo wa Nier peke yake. Upo mchezo mwingine, wa Kimarekani, ambao ulifanya kinyume cha huo: ulichukua maneno yenye maana nzito kuliko yote tuliyo nayo, ya lugha yetu wenyewe, ukawaimbia watu mamilioni ambao hawakuyaelewa hata moja.

Mchezo huo ni Civilization IV, uliotengenezwa na Firaxis ukatoka mwaka 2005. Mchezaji hupewa kabila au taifa mnamo mwaka 4000 kabla ya Kristo, akalilea kwa kujenga miji, kuvumbua elimu, kufanya biashara na kupigana vita, hadi zama zetu na kupita. Kabla hujaanza, kioo cha kompyuta huonyesha dunia yetu ikizunguka taratibu gizani, na hapo ndipo unaposikika wimbo uitwao Baba Yetu. Ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili.

Ilitokeaje? Kiongozi wa ubunifu wa mchezo huo alikuwa Soren Johnson. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford kule California, na alikaa chumba kimoja na kijana mwenye asili ya Kichina aitwaye Christopher Tin, aliyekuja kuwa mtunzi wa muziki. Baada ya miaka wakakutana tena katika mkutano wa waliosoma pamoja, na Johnson akamwomba mwenzake wimbo wa kufungulia mchezo. Tin akatunga. Maneno yalirekebishwa ili yakae kwenye mahadhi na Chris Kiagiri, msomi wa Kenya aliyepitia chuo hicho hicho, akishirikiana na Tin. Waimbaji wa kwanza walikuwa Talisman, kikundi cha wanafunzi wa hapo hapo Stanford. Baadaye Tin aliuweka wimbo huo mwanzoni mwa albamu yake, Calling All Dawns, ya mwaka 2009, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, na safari hii Baba Yetu uliimbwa na Soweto Gospel Choir, yaani watu wa Afrika Kusini ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kigeni kama kilivyo kwa Mjapani. Mwezi wa Februari 2011 wimbo ukapata tuzo ya Grammy kwa upangaji wake wa muziki. Ulikuwa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Hata zile chemchemi kubwa za Dubai, zirushazo maji juu kwa kufuata muziki, zimewahi kuuchezea. Fikiri jambo hilo: Sala ya Bwana, kwa lugha ya pwani ya Afrika Mashariki, ikiyachezesha maji jangwani mbele ya watalii!

Si mara ya kwanza neno letu kusafiri ndani ya mchezo. Mwaka 1983 Bi Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliuzindua London mchezo wa kupanga vipande vya mbao akauita Jenga, na jina hilo limeenea dunia nzima. Wachezaji wake kazi yao kubwa ni kuvichomoa vipande hadi mnara uanguke. Wamefundishwa neno la kujenga na watu wasiowaambia maana yake, nao wanabomoa kwa furaha. Lakini hapo hakuna aliyedhurika. Sala ni jambo zito zaidi.

Mjukuu wangu aliponisikilizisha wimbo huo kwenye simu yake, alikuwapo pia katekista wetu mmoja mstaafu, mzee ninayemheshimu sana. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, kisha akasema kwa uchungu: "Mwalimu, hii si haki. Sala imefanywa tarumbeta ya kuwaitia watu mchezoni."

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, na mjukuu alipoeleza zaidi jinsi mchezo ulivyo, ikazidi kupata nguvu. Katika Civilization IV mchezaji aweza kuanzisha dini. Zimo saba: Uyahudi, Ukristo, Uislamu, Uhindu, Ubudha, na zile mbili za China, mafundisho ya Confucius na ya Tao. Wabunifu, kwa kuogopa kumuudhi mtu, walizifanya zote zifanye kazi ileile moja, bila tofauti yoyote isipokuwa jina na alama. Unaieneza dini ili kufurahisha raia na kuongeza mapato. Kwa hiyo kijana husikia Sala ya Bwana, kisha akaingia ndani akachagua Ubudha kwa sababu unapatikana mapema, na jioni akatuma mizinga kwa jirani yake. (Katika viongozi wa Afrika yumo Mansa Musa wa Mali, na Shaka akaongezwa mwaka 2006. Mtemi Mirambo hayumo. Sisi wa huku tunaona ni upungufu.)

Basi katekista akasema: ama ni sala, na hapo inakufuriwa, ama si sala, na hapo tumeibiwa maneno. Mjukuu naye akajibu kwa adabu: "Lakini Babu, wale hawajui kama ni sala. Kwao ni sauti nzuri tu." Kwa kijana huyo kutojua ni kinga. Kwa mzee, kutojua ndiko kosa lenyewe. Nami nilibaki katikati.

Nimefundisha watoto, kisha nimefundisha walimu, kwa muda wa kutosha kuchukia kukariri. Mtoto asomaye kwa sauti kubwa "mzingo wa mstatili" asijue mstatili ni nini, huyo hasomi, ni kasuku. Na kasuku aliyefundishwa kusema Bismillahi hapati thawabu kwa kusema. Waislamu wamelieleza jambo hili kwa neno moja ambalo Kiswahili kimelichukua kikalifanya lake, nalo ni nia. Tendo hupimwa kwa nia. Asiye na nia ya kuswali hakuswali, hata kama ameinama na kuinuka mara zote zipasazo. Nadhani hakuna Mkristo mwenye akili atakayepinga hilo.

Kwa kanuni hiyo kesi ingekwisha mara moja: kijana wa Osaka au wa Ohio aimbaye Baba Yetu mbele ya kompyuta haombi, wala hakufuru, maana kukufuru nako kunahitaji nia. Lakini mambo hayaishi kirahisi hivyo kwa mtu aliyekulia huku kwetu.

Huku kwetu maneno mazito yamefika yakiwa yamefungwa. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikagawanyika, tawi moja kwenda Ujiji na jingine kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini, merikani au ushanga au nyaya za shaba, umefungwa kwa kamba, na hakuruhusiwa kuufungua. Kiswahili kilikuja kwa njia hiyo hiyo, na Uislamu ukaja nayo, na Mapadri Weupe waliofika Tabora mwaka 1878 walitembea juu ya nyayo hizo hizo. Watoto wa chuoni wakahifadhi Kurani kwa Kiarabu wasichokielewa. Watoto wa misheni, nikiwa mmojawapo, tukatumikia misa kwa Kilatini tusichokielewa, tukimjibu padri kwa sauti kali na kwa haraka, kila mmoja akitaka amalize kabla ya mwenzake. Hayo yaliendelea hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi Desemba 1963, ulipofungua mlango wa lugha za watu katika ibada. Na ulipofunguliwa, katika parokia za huku iliyoingia haikuwa Kinyamwezi. Iliingia Kiswahili.

Watu wa pwani husahau jambo hili, na hata walimu wenzangu vijana hawalijui. Kwa wazee wengi wa Unyamwezi Kiswahili kilikuwa Kilatini cha pili. Mama yangu alizaliwa Bukene na kuzeekea Bukene. Kiswahili alikifahamu cha stesheni tu, cha kuuza karanga na viazi kwa abiria wa treni ya Mwanza: bei, chenji, na maneno machache ya kumjibu mteja mkorofi. Hasira zake, utani wake na usia wake vyote vilikuwa kwa Kinyamwezi. Lakini sala ya jioni alisali kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama alivyofundishwa na katekista akiwa msichana. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, na kichwa kimejaa mambo ya mbinu za kufundishia, nilimwuliza siku moja neno litukuzwe maana yake ni nini. Alifikiri kidogo. Kisha akanijibu kwa Kinyamwezi kwamba mimi ndiye niliyesoma. Yeye anamwambia Mungu, na Mungu anajua.

Sasa nani atakayethubutu kuniambia kwamba mama yangu hakusali? Alisali kwa miaka zaidi ya sitini. Alisali njaa ilipokuja, na alisali watoto wake wawili walipozikwa, kwa maneno ambayo baadhi yake kwake yalikuwa sauti tupu, sawa na zile za Bi Evans katika Nier. Tofauti ni moja, nayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Mama hakujua kila alichosema, ila alijua anasema na nani. Mzigo ulikuwa umefungwa, lakini alijua unakopelekwa. Kijana wa mchezo hajui kilichomo wala hajui mzigo unakwenda wapi. Ameubeba kwa sababu kamba zake ni nzuri.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na mjukuu wangu kwamba ni sauti nzuri tu. Sauti nzuri tu ni Nier. Hapo palitungwa maneno yasiyo na mwenyewe, na mtu ana uhuru wa kuyamwagia machozi yake apendavyo, bila kumdai wala kudaiwa na mtu. Maneno ya Baba Yetu yana wenyewe. Walioyapitisha kwetu ni wengi. Yesu hakusema Kigiriki na wanafunzi wake, wala Mathayo hakutuachia Kiaramu. Mkononi mwetu tuna Kigiriki. Kutoka huko yakapita kwa watu kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Askofu Steere wa Unguja, na masheikh na vijana wa pwani ambao majina yao hayakuandikwa, waliokaa na wazungu hao wakiwaambia hapana, hivi hatusemi. Hata leo hatujaafikiana. Wakatoliki tunaomba mkate. Biblia ya mwaka 1952 inaomba riziki. Wimbo wa Tin unaomba chakula. Mkate ni tafsiri ya neno, nalo kwa mkulima wa Bukene wa siku zile lilikuwa jambo la ajabu, maana mkate aliuona kwa Mwarabu au kwa padri tu. Yeye alikula ugali. Chakula kinaeleweka upesi, ila ni cha tumbo peke yake. Riziki ndilo neno. Limo ugali, limo mvua, imo afya, na limo lile jambo la kupata leo bila kujua utapata wapi kesho. Lakini ni neno lililotoka Uarabuni, na limebaki katika Biblia ya Wakristo, na hakuna anayelalamika.

Wala siwezi kukubaliana na rafiki yangu katekista kwamba tumeibiwa. Maneno hayapungui yakichukuliwa; sala haikutoka kwetu ikaenda Marekani ikatuacha bila sala. Na jina la Mkenya aliyeyatengeneza limewekwa, tofauti na vile vijana wa Steere. Wala sikubali kwamba ni kufuru kwa kuwa imekaa mlangoni mwa mchezo wa vita. Sala ile imekaa mlangoni mwa vita vya kweli mara nyingi, ikisaliwa na majeshi ya pande zote mbili kwa lugha waliyoielewa vizuri kabisa.

Mwenye wajibu hapa ni yule ajuaye. Darasani kukariri ni uovu kwa sababu mwalimu yupo, anajua, na anaweza kufungua mzigo, lakini amekaa kimya. Mtoto hana hatia. Mlezi wa madrasa au padri wa zamani aliyemwacha mtoto na sauti tupu miaka kumi, huku yeye maana anayo kifuani, huyo ndiye wa kuulizwa. Katika suala la wimbo huu waijuao maana ni sisi. Watu zaidi ya milioni mia moja tunasema Kiswahili, na kila mmoja wetu angeweza kumweleza mgeni kwa dakika tano anachokiimba. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu, ambaye hucheza kwa mtandao na vijana wa nchi za mbali asiowahi kuwaona.

Akawaandikia. Wengi hawakujibu. Mmoja alisema alikwisha kujua tangu zamani. Mwingine, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hana dini, alijibu kwamba afadhali asingeambiwa, maana alipenda kudhani ni wimbo wa mavuno, na sasa kila akifungua mchezo anaona kama ameingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Mjukuu aliona tumemharibia starehe. Katekista alipopata habari alicheka kwa mara ya kwanza katika jambo hili, akasema huyo ndiye wa kumwombea.

Lakini swali lililotuweka hadi usiku lilitoka kwa kijana wa tatu. Yeye alikwenda akalinganisha wimbo na Biblia, akataka kujua kwa nini katika moja mnaomba chakula na katika nyingine neno ambalo kamusi yake ilimpa maana nne, na ni ipi iliyo sawa. Mjukuu alinisomea ujumbe huo kwenye mwanga wa simu. Nikamwambia aandike kwanza habari za mvua za Bukene, jinsi zinavyoweza kuanza vizuri mwezi wa kumi na moja kisha zikakata, na mtu aliyekwisha kupanda mbegu zake zote anavyotazama mbinguni. Aandike hayo, halafu ndipo aandike riziki.